Venanti Ntakije na Pikipiki Isiyo na Kiki

Mwidiwe wazazi, nawasalimu ndugu, baba padre, wakubwa wetu kutoka Idara ya Maji, majirani wa Kibondo mliokula vumbi njia nzima, na ninyi wa hapa Kitanga mliotupokea: mimi ni Josepha Ntakije, dada mkubwa wa marehemu na shangazi wa watoto wake, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya Venanti, nami nitayasoma, ila mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyokabidhiwa jana jioni na kikao cha ukoo ni fupi mno, imeruka miaka mitatu ya mwisho kana kwamba mtu alilala mwaka 2012 akaamka amekufa.

Na sababu ya kuiruka mnaijua, tusidanganyane msibani. Kikao, kikiongozwa na baba yetu mdogo Mzee Ntahondi, kimesema wifi yangu Aneth, mjane, asitangulie kutia udongo kaburini kama desturi yetu inavyotaka, kwa madai kwamba mumewe akiwa mgonjwa yeye alimpandisha kwenye pikipiki akamsukuma, na kwa kumsukuma akamwua. Basi nitafuata mpangilio uleule mlioniandikia, na nikifika kwenye pikipiki sitairuka, maana nilikuwepo.

Marehemu Venanti Ruhaga Ntakije alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 hapahapa Kitanga, mtoto wa nne wa Mzee Ruhaga na Mama Tunu, wote wametangulia, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokwenda shamba la maharage, nikijuta kila siku, kwa sababu mtoto yule hakulala, alipiga mateke kiunoni mwangu tangu tunatoka hadi tunarudi, ukimshusha analia, ukimbeba anataka kushuka.

Alisoma shule ya msingi hapa Kitanga kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachapwa mara nyingi, na fimbo inayokumbukwa zaidi ni ile ya darasa la sita, alipofungua kitovu cha gurudumu la baiskeli ya mwalimu mkuu ili aone kinacholia tiki-tiki ndani, akakiona, akashindwa kukirudisha. Mwaka 1978 alikwenda chuo cha ufundi Tabora, akahitimu mwaka 1980 katika fani ya mitambo, na tarehe 1 Julai 1982 akaajiriwa na Idara ya Maji, kituo cha Kibondo, kuendesha na kutengeneza pampu za dizeli.

Kazi yake aliipenda, kukaa hakukupenda. Aliomba uhamisho kwenda Kasulu akapewa mwaka 1995, akaomba kurudi Kibondo akapewa mwaka 2003, katikati aliomba Manyovu akanyimwa, na wakubwa wake walioko hapa watanisamehe nikisema kwamba barua zake ziliwachosha. Nyumbani kwake chai ilinywewa kwa kusimama, na ukimwambia akae anakaa, anaanza kutikisa goti mpaka vikombe vinagongana mezani.

Tarehe 23 Septemba 1989, kanisani Kibondo, alifunga ndoa na Aneth, mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Njombe, binti wa Kibena asiyejua neno hata moja la Kiha, ambaye leo anakiongea vizuri kuliko baadhi ya watoto wetu wa mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Esteri aliyezaliwa mwaka 1991, sasa muuguzi Mwanza, na Nathaniel aliyezaliwa mwaka 1996, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Karatasi yangu inaishia hapo, kisha inasema aliugua ghafla. Hakuugua ghafla.

Mwezi Machi 2012 Venanti alitumwa kutengeneza pampu ya misheni moja huko Kasulu, na ndani ya stoo, chini ya magunia ya mahindi, akakuta pikipiki ya mashindano iliyoachwa na Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku, aliyekuwa akishindana nayo Nairobi kabla ya uhuru. Mapadre walikuwa wameichoka, wakampa. Ilikuwa Norton ya Uingereza, ile waliyoiita Manx, ya miaka ya hamsini, yenye tangi kubwa la alumini ambalo mpandaji analala juu yake kifudifudi, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani imeibwa vitu, kwa sababu haikuwa na taa, haikuwa na honi, haikuwa na mahali pa kukaa abiria, haikuwa hata na kiki ya kuwashia. Vijana wa bodaboda Kibondo walimzunguka wakicheka, mmoja akamwuliza, "Mzee, sasa hii unaiwashaje, kwa maombi?" naye akamjibu, "Kwa miguu."

Ndivyo zilivyotengenezwa zote za namna ile. Katika mashindano ya zamani wapandaji walisimama kando ya pikipiki zao kimya, bendera ikishuka wanazisukuma mbio, gia imeingizwa, klachi imeshikwa, mtu anarukia kiti kwa ubavu na kuachia klachi, na tairi la nyuma ndilo linaloizungusha injini mpaka iitike. Kiki ni uzito, na uzito ulikuwa adui. Nawaomba mlishike hilo, kwamba pikipiki ile bila kusukumwa ni chuma tu.

Mimi nilimwuliza ya nini. Nilikasirika hasa, maana mshahara ulikuwa unaingia humo na bati za jiko zinavuja. Akanivuta mkono, akanionyesha silinda moja tu, pana kama chungu cha maharage, na pembeni yake bomba limesimama, ndani yake shafti yenye meno inayopanda hadi juu kabisa kufungua valvu, milango ya pumzi ya injini, palepale zilipo. Kwenye injini nyingine, alisema, amri ya kufungua valvu inatoka chini, inapita kwa karani, inapita kwa msaidizi wa karani, ikifika juu imechelewa. Hii bosi anakaa juu mwenyewe, akisema fungua, imefunguka. Ndiyo maana inakimbia. Spring za valvu ziko nje, unaziona zikicheza, zinamtemea mpandaji mafuta magotini, na yeye hilo alilisema kama sifa. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau, "Dada, hii haikutengenezwa impeleke mtu mahali, ilitengenezwa iende." Hasira zikaniisha, kwa sababu nilikuwa nimemjua mtoto huyo tangu mgongoni.

Alipolinusa tangi la mafuta ya injini alicheka peke yake, lilinukia ngozi ya mama, nikalinusa na mimi, kweli, ni mafuta ya nyonyo, yaleyale aliyokuwa akitupaka baada ya kuoga, kumbe wazungu wa mbio walizilisha injini zao nyonyo kwa kuwa inang'ang'ania chuma hata kikipata moto mkali. Akaja hapa Kitanga, akawaomba kina mama wamkamulie, mko hapa mliomkamulia, asanteni. Lakini haraka zake zilimponza. Ndani ya injini kulikuwa na mafuta ya kawaida ya gari aliyokuwa ameanza nayo kujaribia, akayamwaga tu bila kuifungua na kuisafisha, akajaza nyonyo juu ya mabaki, na mafuta hayo mawili hayapatani, yakichanganyika na kupashwa moto yanakuwa gundi. Tarehe 21 Septemba 2013, barabara ya Kasulu, vijia vya mafuta viliziba, injini ikanoki, pistoni ikashikana na silinda, na yeye akarushwa majanini, akarudi Kibondo na lori la chumvi.

Pistoni ya namna ile haipatikani Tanzania. Venanti alizunguka Kasulu, Manyovu, mpaka wenye malori wakamchoka, mwishowe akampata Mulenda, mkimbizi Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, anayeyeyusha alumini na kumimina masufuria. Walikusanya pistoni mbovu za malori, wakaziyeyusha, wakamimina, wakatupa, wakamimina tena, kwa sababu ikizidi uzito kidogo tu injini itajitikisa mpaka ivunjike, na walipopata inayolingana na ile ya zamani kwenye mizani ya sokoni, Mulenda alimwambia, "Grand frère, kaka yangu mkubwa, hii piston nakutengenezea mara moja tu, ukiiharibu tena usirudi kwangu." Walichukua karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo mdogo wangu alivimba miguu, tukadhani ni uzee.

Oktoba 2014 alishindwa kupanda ngazi za ofisi, akapelekwa hospitali, akaambiwa moyo wake umepanuka, apumzike, asinyanyue kitu, asisukume kitu. Mnaweza kumfikiria Venanti akiambiwa apumzike. Injini imekamilika, imesafishwa ndani nje, imejazwa nyonyo tupu, imesimama sebuleni, na mwenyewe anaizunguka usiku na mchana akiwa na pumzi fupi. Aneth alificha plagi, Venanti akaikuta, akafichiwa tena, akaikuta.

Tarehe 17 Mei 2015, Jumapili, Aneth akiwa kanisani, Venanti aliitoa mwenyewe nyuma ya nyumba na kuisukuma peke yake. Majirani walimkuta amelala kando yake, midomo myeusi. Alikaa hospitali wiki nzima, na siku ya kuruhusiwa Aneth alimfuata daktari, mimi nikiwa mlangoni, akamwuliza bila kuzunguka, mume wangu atajaribu tena nikigeuka tu, nifanye nini? Daktari hakutoa ruhusa, nisimsingizie. Alisema hawezi kumruhusu kupanda, ila kati ya kuikalia na kuisukuma, kitakachomwua ni kuisukuma.

Tulirudi kwa miguu, na tulipofika kwenye mnara wa maji Aneth akasema, "Wifi, basi tutasukuma sisi."

Tarehe 7 Juni 2015, mchana, barabara ya Mabamba, pale inaposhuka kidogo na kunyooka, Venanti alikaa kwenye kiti amevaa koti la kazi, Aneth alivua viatu, akakaza kitenge, akashika nyuma ya kiti upande wa kulia, na mimi, dada yake wa tumbo moja, nikashika upande wa kushoto. Tulikimbia. Mwalimu wa watu alikimbia vumbini kama binti, akapaza sauti, "Achia!" Venanti akaachia klachi, tairi likagoma, likaburuta, kisha injini ikaitika kwa mlio ambao nilidhani mlima wa Burundi umepasuka, harufu ya mama ikatujaa puani, na mdogo wangu akaondoka mikononi mwetu. Alikwenda mpaka tusimwone, akarudi, akatupita, akageuza, akaenda tena, hakusimama hadi petroli ilipokwisha. Akashuka peke yake. Nilimtazama alipokaa kwenye majani, na naapa mbele ya jeneza hili, goti lake lilikuwa limetulia.

Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitoka Mabamba alituona, wanawake wawili wakimsukuma mwanamume mmoja. Habari ilitoka kule na wanawake wawili, ikafika hapa Kitanga na mwanamke mmoja, naye ni yule wa Njombe. Baba mdogo, ninakuheshimu, lakini nijibu moyoni mwako, kwa nini jina langu halikutajwa kikaoni? Kama kusukuma ni kuua, nimeua na mimi. Na kama mimi sikuua, basi Aneth hakuua, alikimbia mahali pa mume wake ili moyo wa mume wake usikimbie, na kwa hilo alitupatia Juni na Julai, Venanti akamwona Nathaniel akirudi kutoka shule, akaenda kuzisalimia pampu zake. Moyo ulichoka tarehe 2 Agosti 2015, saa kumi jioni, hospitalini Kibondo, Aneth akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kumgombeza, majirani waliomwokota tarehe 17 Mei, wafanyakazi wenzake waliozivumilia barua zake na kulileta jeneza hili, kina mama wa Kitanga, na Mulenda, ambaye kibali cha kutoka kambini kimechelewa, ametuma salamu kwamba analia.

Venanti, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Wifi Aneth, inuka, udongo ni huu, tangulia, mimi niko nyuma yako.