Bi Shingo na Dari ya Sebuleni

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji. Dada yake mkubwa, ambaye ameketi hapa mbele, anasema mtoto huyu hakutulia tangu mwanzo. Alitaka kutembea kabla hajajua kutambaa, na akilazwa chali aliyakodoa macho juu kama anayesoma kitu. Tulimuuliza bibi mkubwa mara ya pili kama ni kweli, akatuambia, "Mnadhani nitaanza kutunga uongo leo?"

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya wasichana aliyoimaliza mwaka 1975. Ripoti zake zote zinasema ana akili ila hakai kitini. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya useremala, akiwa msichana peke yake darasani. Wavulana walimtania kwamba darasa la upishi liko upande wa pili. Aliwajibu kwamba analijua, ameshalitengenezea meza, na meza hiyo haiyumbi kama zao.

Mwaka 1982 aliolewa na fundi umeme, babu yetu. Siku ya kwanza kufika ukweni, kabla ya harusi, mama mkwe alimuuliza kwa upole kama nyumba yao imempendeza. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameinua uso juu, akajibu kwamba ubao ule wa dari karibu na mlango umelegea. Baba mkwe alinuna mpaka chai ikapoa. Babu ndiye aliyepanda juu ya meza kuupigilia misumari, na anasema pale pale alijua amepata mke na amepoteza usingizi.

Alifanya useremala wa majengo kwa miaka mingi. Dari za bodi za jipsamu zilipoanza kuenea, kampuni yake ilimpeleka kujifunza, na mwaka 1994 akawa mkaguzi. Hakuna aliyeruhusiwa kupaka plasta kabla yeye hajapita, kwa sababu plasta huficha makosa mpaka mwenye nyumba awe ameshahamia. Aliziba madirisha, akazima taa, akailaza tochi kwenye dari yenyewe ili mwanga utambae na kila kinundu kitoe kivuli. Alipitisha kiganja juu ya skrubu. Iliyochomoza iliingizwa ndani; iliyozama mpaka ikachana karatasi ya bodi haikuhesabika, na nyingine ilifungwa pembeni yake. Mwisho alisukuma kila kiungo kwa vidole. Bodi ikicheza alisema inapumua, na iliyopumua ilishushwa. Kwa kushinda akitazama juu hivyo, mafundi walimwita Bi Shingo. Jina hilo alilipenda kuliko lake mwenyewe.

Mwaka 2011 alikagua dari ya zahanati iliyofungwa na kikosi cha mwanawe wa mwisho, ambaye ni mjomba wetu. Ncha za bodi zilikuwa zimekutana hewani, bila chuma cha kuzishika kwa nyuma. Aliamuru zishushwe, mafundi wote wakitazama. Wenzake walimcheka mjomba kwamba mama yake anaipenda dari kuliko yeye. Mjomba alifungasha vifaa vyake, akahamia mji mwingine. Baada ya hapo alikuja nyumbani kusalimia tu, na habari za kazi hazikutajwa mezani. Bibi akazidi kuhangaika. Alikuwa akianza kuosha vyombo anaviacha, anatoka nje, anarudi, anauliza kama kuna simu.

Mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika. Hospitalini aliwachosha wauguzi kwa kuwaomba ngazi. Mjomba, ambaye alikuwa amerudi na kujenga nyumba yake, alikuja kumwona, akasema, "Mama, nimefunga dari ya sebuleni. Sijapaka. Nakusubiri wewe."

Alidai kutolewa hospitali wiki hiyo hiyo. Kupanda hakuweza, basi alitandikiwa godoro katikati ya sebule ya mjomba, mjomba akapanda na tochi, naye akawa anaongoza kutoka chini: sogeza, rudisha, bonyeza hapo. Walibishana kutwa, mpaka babu akasema hajawasikia wakiongea namna hiyo tangu mjomba aote ndevu. Upande wa dirishani ukapita. Wa mlangoni alichoka kabla hajaumaliza, akasema, "Huo usiupake. Kesho." Asubuhi ya tarehe 14 Juni mwaka huu alifariki dunia pale pale kwenye godoro, uso ukiwa juu.

Ndugu wengi walishauri dari ipakwe haraka kabla ya wageni kufika, ni aibu msiba kukaa chini ya bodi tupu. Mjomba alikataa. Lakini kila mtu aliona jinsi alivyokuwa akipita chini ya upande ule bila kuinua macho, kama anayeogopa kuitwa.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watano, dada yake, na mafundi wengi ambao bodi zao alizishusha.

Mjomba ameomba tuwatangazie jambo moja. Leo alfajiri alipanda mwenyewe, akausukuma upande wa mlangoni kiungo kwa kiungo, na juu ya mlango akakuta bodi moja inapumua. Ameishusha. Kwa hiyo tukirudi nyumbani kwake mtakuta tundu kubwa pale mnapoingilia, anaomba msishangae na msimpe pole kwa hilo. Mafundi mliofundishwa na marehemu, mnakaribishwa kuangalia kabla bodi nyingine haijafungwa, na mkiona kosa, mseme mbele ya watu.

Mungu ampe utulivu ambao yeye hakuwahi kujipa. Apumzike kwa amani.