Mwezi wa Kufunga Ziwa

Basi la mpakani halikujaa abiria, lakini sauti ya muuza samaki ililijaza.

"Mmetufungia ziwa mwezi huu ili samaki wazaane. Majirani wanafunga mwezi ujao. Ziwa si hilohilo moja? Sisi tunalea, wao wanavua!"

Afisa uvuvi, ambaye bila shaka alishajuta kutaja kazi yake, alijibu kwa upole, "Mama, nchi zetu zinashauriana ili tufunge pamoja. Subira yavuta heri."

"Hiyo heri wenzetu wanaivuta kwa nyavu, baba!"

Sote tukatazama nje, kana kwamba kuna cha kutazama.

Basi likasimama. Mama akanyanyua ndoo zake tupu.

"Unazipeleka wapi?" afisa akauliza.

"Ng'ambo. Nakwenda kununua samaki wetu."