Fundi Sindano na Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, tunawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina jingine ila Fundi Sindano.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpishi wa shule na mkewe mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akafaulu hesabu, akashindwa kukaa kimya, na mwaka 1965 wazazi walimpeleka kwa fundi redio akajifunze kazi, kwa sababu hapakuwa tena na saa nyumbani ambayo hajaifungua.

Mwaka 1971 alipata karakana yake mwenyewe, mlango mmoja na meza moja, akatundika kibao kilichoandikwa TUNABADILISHA SINDANO, akimaanisha sindano za gramafoni, zile zinazosoma santuri. Kibao hicho kilimletea wagonjwa wawili wenye homa, kisha kikamletea muuguzi wa zahanati, aliyesimama mlangoni mikono kiunoni akauliza, "Nani amekupa kibali cha kuchoma watu sindano?" Marehemu alimwekea santuri, na yule muuguzi akasahau kuondoka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1974, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja, na leo wana wajukuu watano.

Kaka yake mkubwa, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele, alikuwa mwimbaji wa bendi ya kiwanda, na marehemu alipiga gitaa. Mwezi Agosti 1979 walirekodi santuri yao ya pekee, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, mara moja bila kurudia, na ilipotoka, katikati ya ubeti wa pili kikasikika kitu kama kikohozi. Marehemu alisema ni kaka na sigara zake, kaka akasema ni mdogo wake, aliyekuwa na mafua wiki ile. Kwa miaka kadhaa ulikuwa utani tu, lakini mwaka 1988, mbele ya wageni, neno likazaa neno, wakaitana waongo, wakaacha kutembeleana, na watoto wa nyumba hizo mbili wakakua wakipishana njiani kama watu wasiojuana.

Kaseti zilipoenea, santuri ziliingia sandukuni, chini ya kitanda. Kwenye kaseti aliyonakili marehemu kikohozi kilisikika waziwazi, naye alimpigia kaseti hiyo kila aliyemtilia shaka, kama anayemwita shahidi.

Mwanzoni mwa Oktoba 2019, binti yake, akitafuta nguo za kichanga, alivuta sanduku lile kwa makosa. Marehemu aliiosha santuri kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaikausha kwa kitambaa laini, akafunga sindano mpya, bora kuliko zote alizowahi kuitumia, akakaa kusikiliza. Haikuwa sauti ya kaseti, ilikuwa pana na yenye uhai, vidole vilisikika vikiteleza kwenye nyuzi, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kila mstari, na palipofika kikohozi, hapakuwa na kikohozi, palikuwa na mlio wa mbao. Aliirudisha mara tatu, kisha akasema polepole, "Hiki ni kiti. Ni kiti changu." Siku ile ya kurekodi alikwenda na kiti cha karakana, chenye mguu uliolegea, kwa kuwa vya studio vilikuwa na sehemu za kuegemeza mikono, ambazo zingemzuia kushika gitaa. Kinyozi hajinyoi.

Binti yake alimwambia, "Baba, tumesikia sisi wawili tu, si lazima useme." Alikaa siku nne bila kumaliza sahani ya chakula. Jumapili tarehe 6 Oktoba alibeba gramafoni na santuri hadi kwa kaka yake, ambaye alifungua mlango nusu.

"Umekuja kuniomba radhi au kunipigia muziki?"

"Vyote viwili, kaka."

Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Rudisha hapo," na alisema hivyo mara tano, mwisho akapiga paja. "Mdogo wangu! Miaka thelathini na moja nimeacha sigara kwa ajili ya kiti chako!"

"Basi kishukuru, ndiyo maana bado unapumua."

Walicheka hadi mke wa kaka akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Tangu siku hiyo ndugu hao walifungua karakana pamoja kila Jumamosi, watu wakaleta santuri zilizolala miaka mingi, na watoto wa nyumba zote mbili walijifunza kuziosha, kazi ambayo wanaendelea nayo.

Marehemu alianza kuumwa moyo mwezi Juni 2023, akalazwa mara mbili, na alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 2024 saa sita mchana, siku tisa kabla ya kutimiza miaka sabini na sita, kaka yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia na kutulelea watoto, mafundi wenzake waliofunga milango yao leo ili wawe nasi, na wewe, baba mkubwa, uliyefungua wa kwako.

Pumzika, baba, kwa amani uliyoifuata kwa miguu yako mwenyewe.