Daktari Hatulii na Mtamba wa Damu Tupu

Marehemu, ambaye hata watoto wake walimwita Hatulii, alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 katika nyumba ya mlinzi wa josho la kuogeshea mifugo, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alisema alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alisoma shule ya msingi jirani na josho hilo, kisha chuo cha mifugo, na mwaka 1988 akaajiriwa na maabara ya magonjwa ya wanyama. Huko alifuatilia ndui ya kondoo, ndui ya mbuzi na mapele ya ngozi ya ng'ombe. Virusi vya magonjwa hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kingamwili, askari wa mwili walio katika damu, zilizokijua kirusi kimoja hukitambua na kingine, ndiyo maana ng'ombe huweza kukingwa kwa chanjo ya kondoo.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani. Siku ya kujitambulisha ukweni, macho yake hayakubanduka kwa ndama aliyekuwa uani. Baba mkwe akamuuliza, "Kijana, umekuja kuposa binti au ng'ombe?"

Mwaka huu wa 2023, damu ya baadhi ya ng'ombe waliochanjwa haikuonyesha kingamwili. Wakubwa, wakiamini hawana kinga, wakataka wachinjwe wote. "Kipimo chetu hakiwaoni askari wote wa mwili," alibisha. Akaomba mtamba mmoja kati yao, jike ambaye hajazaa, wa damu tupu isiyo na kingamwili, awekwe zizi moja na ng'ombe wagonjwa na wachache wasiochanjwa. Kama mtamba angeugua, kundi zima lingechinjwa.

Kabla jibu halijapatikana, figo zikamlaza. Kila mkewe alipoingia wodini, swali lilikuwa moja: "Mtamba vipi?"

"Na mimi hunisalimii, baba?"

"Wewe nakuona mzima. Mtamba simwoni."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba, bila kujibiwa.

Jana asubuhi fundi wa maabara alifika msibani na viatu vya zizini. "Mama," alimwambia mjane, "wasiochanjwa wamejaa mapele. Mtamba hana hata moja. Kundi halichinjwi."

"Usiniambie mimi," mjane alimjibu. "Kesho kaburini aambiwe aliyeuliza."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada wawili.

Mtamba mzima, Daktari. Sasa tulia, upumzike kwa amani.