Mkono Waliupima, Mwili Wakausahau

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana bila yeye mimi Esta, koko wenu, bibi yenu wa huku juu ya Ngaramtoni, ningekuwa nimeshazikwa kwenye migomba. Mchungaji anivumilie. Leo nina shukrani na nina hasira, na vyote viwili nimevileta mbele za Bwana.

Ndugu zangu, mimi na marehemu Naserian, jirani yangu tangu tuolewe, tulikuwa watu wa presha. Kila mwezi tunashuka zahanati, tunakaa benchi la wazee, tunafungwa kile kitambaa kinachovimba, tunapewa vidonge, tunarudi. Naserian alikuwa akisema, "Huu mkono wanaujua kuliko alivyoujua mume wangu." Tunacheka. Lakini kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kilikuwa chumba kinachotazamana na benchi letu, na walioitwa humo ni wenye watoto mgongoni. Sisi tuliomaliza kuzaa hakuna aliyetuuliza. Miaka yote hiyo! Kana kwamba mwanamke akikoma kuzaa, kizazi nacho kinahama.

Kisha Naserian akaanza kutoka damu. Mjane, aliyekoma hedhi zamani! Akajikaza, akaenda kusema. Chumbani akamkuta tabibu Lazaro, peke yake. Ni kijana mpole, simlaumu. Lakini Lazaro ni rika moja na mume wa binti yake Naserian, na kwetu Waarusha rika la mkwe ni mkwe. Mkwe hata chakula huli mbele yake, utamvulia nguo? Naserian akasema anaumwa mgongo. Akapewa dawa ya mgongo. Akarudi, mgongo tena. Alipofikishwa hospitali kubwa ya mjini, wakasema amechelewa.

Tukamzika. Na pale kaburini nikasikia watu wakisema ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, Mungu asisingiziwe! Haukupita muda, kwenye mkutano wa kijiji, bwana mmoja wa afya akasimama akatuambia wanawake wa huku ni wagumu, hawataki kupima. Hawataki? Tumekaa mbele ya mlango ule mpaka benchi likachakaa, leo tunaitwa wagumu. Na huyo Lazaro nani alimweka pale peke yake, wakati hata watoto wetu wanajua mila hii?

Nami damu ikanijia. Nikamlilia Bwana, nikamwambia sina pa kuipeleka. Akanijibu kwa muuguzi mgeni, Ngaisi, aliyepangiwa benchi letu la presha. Alinifunga mkono kama wenzake wote, kisha akainama sikioni.

"Koko, huko chini kuna damu inatoka?"

Nikamwambia, "Ipo. Lakini kwa Lazaro siingii."

"Lazaro atakaa hapa apime presha. Ndani tunaingia mimi na wewe."

Akaniangalia, akaona kidonda, akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Saratani, lakini bado changa. Wakakitoa kizazi. Niliumwa, nililia, na Bwana akaniinua. Nimesimama!

Namshukuru Yesu aliyempa Ngaisi ule ulimi. Ila nauliza, swali lile moja lilikuwa na uzito gani hadi tulikose miaka yote? Wazee wa kanisa, ninyi mnaokaa vikao na wakubwa wa zahanati, waambieni chumba kile kiwe na mwanamke, na benchi la presha tuulizwe wote, hata mwenye mvi kama mimi. Msiniambie mtaliombea tu. Ombeni, halafu mwende.

Na ninyi binti zangu, mtegemeeni Mungu, na mwende mkapime. Asiye na maumivu aende, asiye na damu aende, maana mimi niliponea karibu na mlango wa kaburi, na sitaki mwenzangu afike huko. Anayeona aibu apite kwangu asubuhi. Tutashuka pamoja, nami nitakaa pale mlangoni mpaka atoke.