Folda Yenye Mshale

— Elfu thelathini yako hii hapa. Chukua, tuachane!

— Kaa nayo. Nataka picha za mama yangu.

Noti zikabaki hewani mkononi mwa Lenzi, mpiga picha, dada mteja wake asizipokee. Walikuwa kwenye benchi nje ya studio yake, birika la kahawa chini, kompyuta mapajani. Nyuma yao kulikuwa na mlango wa chumba cha Kopo, mwenzake wa kazi aliyezikwa mwezi uliopita. Kufuli lilining'inia palepale.

— Dada, sijakudhulumu. Asubuhi nilizihifadhi kwenye folda ya wateja, nikainakili folda hiyo kwenye flashi, nikafuta kadi ya kamera. Kufika kwa mchapaji, haifunguki!

— Basi mpige upya, alisema Wakili, ambaye uwakili wake wote ni mdomo.

— Mama leo hata kuketi hawezi, dada akamjibu.

Wakili akainamia kioo cha kompyuta.

— Ulibeba hii yenye kamshale pembeni? Bwana wee, hii si folda. Inaelekeza tu folda iliko. Ukiibofya kwenye dirisha la kuhifadhi, inakuhamisha kimyakimya. Tazama jina hapo juu.

Lenzi akabofya. Dirisha likafunguka papo hapo. Juu pakasomeka: Kopo.

Mshale ule aliuweka marehemu mwenyewe, siku walipounganisha kompyuta zao, hii na ile iliyofungiwa chumbani mwake.

— Asubuhi nilizikuta zimejipanga humu, alisema polepole. Sasa hamna hata moja.

— Virusi hao, Wakili akasema.

— Virusi gani wanachagua picha za mama mtu? alidakia fundi viatu aliyeegemea ukuta wa chumba kile, sindano ikiwa mdomoni. Kopo alikuwa hatoi picha bila kuisafisha madoa. Kila akikuta mpya humo, anaihamishia kwake kuifanyia kazi. Hajaacha tu.

— Koma, fundi!

— Nikome nini? Jana, kupitia ukuta huu, nilisikia kiti kikivutwa.

— Panya.

— Panya anakalia kiti?

Mteja mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja picha ya pasipoti, akaweka kikombe chini.

— Samahani, kaka zangu. Folda iliyo kwenye mashine nyingine haifunguki kama mashine hiyo imezimwa. Hiyo ya marehemu kaiwasha nani?

Wakili akachungulia ndani ya birika. Fundi akautoa mgongo wake ukutani. Lenzi akapapasa mfuko wa suruali. Ufunguo wa chumba cha Kopo ulikuwemo, wa pekee, aliokabidhiwa na mjane siku ya mazishi. Hajawahi kuutumia.

Dada akainuka, akajifunga mtandio vizuri, akaenda mpaka mlangoni. Akagonga kwa kiganja.

— Wewe uliyemo humo. Ziwe safi, zisiwe safi, nataka picha za mama yangu.