Tologon Asanakunov na Magogo Yaliyovuka Mlima

Marehemu Tologon Asanakunov alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa bondeni Tuyuk-Bel, mtoto wa kwanza wa mzee Asanakun na mama Burul. Alisoma shule ya kijijini, kisha chuo cha misitu mjini, akahitimu mwaka 1984 na kurudi akiwa mtaalamu wa wadudu wa miti.

Mwaka 1988 alimwoa Saikal. Siku ya kwanza ukweni alisahau mezani kopo la peremende lililojaa mbawakawa, na mama mkwe akalifungua.

"Jamani, huyu ametuletea mahari yenye miguu!"

Ukoo mzima ulicheka hadi chai ikapoa.

Kazi yake ilikuwa kuwatega mbawakawa wanaoua misonobari. Kila theluji ilipoyeyuka aliangusha misonobari michache, mbawakawa wakaingia chini ya magome kutaga. Magome yalimenywa na kuchomwa kabla watoto hawajaota mabawa. Mwaka 1994 arobaini ya baba yake ilimchelewesha siku tisa. Aliporudi msituni, magogo hayakuwepo. Mdogo wake Ernis, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, aliyapakia kwenye lori akayavusha mlima hadi Archaly, wakwe zake walikokuwa wakijenga.

"Kaka, yalilala tu pale, nikadhani umeyatupa."

"Si ungeyamenya basi, kichwa maji wewe!"

Msitu wa Archaly ukaanza kukauka. Lawama zilimwangukia mlinzi wa huko, Mzee Kachkyn, naye akafukuzwa kazi. Mwaka 2006 marehemu alilinganisha vinasaba vya mbawakawa wa mabonde saba. Kila bonde lilikuwa na ukoo wake, maana mdudu huyu havuki milima yetu ya theluji kwa mabawa yake. Wale wa Archaly tu walikuwa wajukuu wa Tuyuk-Bel, tena wa mama wachache waliofika kwa mkupuo mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Sema, baba Aidai, yaishe," Saikal alimsihi.

"Nikisema namfunga Ernis. Nikinyamaza najifunga mwenyewe."

Alinyamaza. Alikataa kazi nzuri mjini, na kila kiangazi kwa miaka kumi na saba alikwenda Archaly kumenya magome kwa mkono. Watu wa huko walimshukuru, na shukrani zao zilimuumiza sana.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya mapafu. Wiki tatu kabla ya kufa alimwita Ernis aandike wasifu huu.

"Jina lako pia, liandike."

"Kaka, watoto wangu watasikia."

"Na wa Kachkyn, hawakusikia?"

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023. Ameacha mjane, Saikal. Watoto wawili, Aidai na Nurzat. Wajukuu watatu, na mdogo wake. Mola amfungulie alipobanwa.

Kwa desturi yetu, sasa Ernis atawauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Marehemu ameagiza asijibu mtu yeyote kabla ya Mzee Kachkyn, aliyekaa pale mbele.